Boy na boyi: neno moja lililogeuka mawili

Nilipokuwa mwaka wa kwanza wa sekondari, mwalimu wa Kiingereza alitupa sentensi kumi za kukariri nyumbani. Jioni nikakaa chini ya mwembe katika lupango letu la Katuba, daftari magotini, nikawa nazirudia kwa sauti: huyu ni "boy", yule ni "girl", "boy" huyu ni mdogo wangu. Kambo, mzaa baba, alikuwa kwenye kiti chake akisikiliza redio. Akaizima. Akauliza: "Nani boyi?" Nikamjibu kwamba ni Kiingereza tu, maana yake mtoto mwanaume. Akanitazama kwa muda, kisha akasema: "Miye nilikuwa boyi miaka makumi mbili na sita, na nilikuwa na batoto sita."

Siku ile nilicheka. Sasa niko mwaka wa mwisho katika idara ya Kiingereza, na nilichokicheka kimenirudia mara nyingi darasani. Kila mwaka katika kozi ya tafsiri hutokea kipande chenye neno "boy", na kila mwaka tunaanguka pale pale. Mmoja anamgeuza mtumishi mwenye mvi kuwa mvulana. Mwingine, mtoto wa Lubumbashi kama mimi, anamgeuza mvulana wa watu kuwa mtumishi, maana sikio lake limezoea "boyi" tangu utotoni. Wote wawili wamefungua kamusi, na kamusi imewapa maana zote mbili, moja chini ya nyingine, bila kuwaambia ni ipi inayohusika. Nataka kuonyesha neno hili limefikaje kwetu na limeacha nini njiani, na kwa nini naona kwamba sisi wa Lubumbashi tunapaswa kulihesabu kuwa maneno mawili.

Tuanzie kwao. Wengi wetu tunaamini kwamba maana ya kwanza ya "boy" ni mtoto wa kiume, na kwamba wakoloni ndio waliolipotosha kwa kuwaita hivyo watu wazima. Historia ya Kiingereza haikubali. Neno linaonekana katika maandishi ya karne ya 13, na katika matumizi yake ya mwanzo linamtaja mtumishi, mtu wa hali ya chini, hata mtu asiye na adabu. Maana ya mtoto wa kiume ilipata nguvu baadaye. Wakati ule mtoto wa kiume aliweza kuitwa "knave", neno ambalo ni ndugu wa "Knabe" la Kijerumani. Nalo "girl" liliweza kumtaja mtoto yeyote, wa kike au wa kiume. Halafu maneno yakapishana njiani. "Knave" lilitoka kwa mtoto, likashuka kwa mtumishi, likaishia kwa mlaghai. "Boy" lilitoka kwa mtumishi, likapanda kwa mtoto. Na "knight", ambalo nalo lilianza kwa kijana na mtumishi, likapanda farasi na kupata cheo.

Kwa hiyo mzungu aliyemwita kambo wangu "boy" hakuwa amebuni maana mpya. Alikuwa ameshika ile ya zamani kabisa, iliyokuwa karibu kusahaulika kwao, akaitumia ugenini.

Kiingereza hakiko peke yake katika jambo hili. "Garçon" la Kifaransa lilimtaja mtumishi na mtu duni kabla ya kutulia kwa mvulana, na hadi leo linamwita anayeleta bia mezani. Mtoto na mtumishi hukaa karibu katika lugha nyingi kwa sababu wote wawili ni watu wa kutumwa. Katika Kiswahili kitenzi kimoja, kutuma, kimezaa mtumwa, mtumishi na Mtume, na hakuna anayewachanganya watatu hao. Sisi wa Katanga tumeongeza letu: kwetu "kutumika" ni kufanya kazi, kazi yoyote ile. Profesa anatumika, fundi wa reli anatumika, gavana anatumika. Mtu wa Dar es Salaam akisikia kwamba profesa wetu "anatumika" atadhani kuna watu wanaomchezea.

Katika Kiingereza cha leo maana ya mtoto ndiyo inayotawala, lakini ile ya kale haikufa. Imejificha ndani ya maneno ya kuunganisha. "Cowboy" ni mchunga ng'ombe hata akiwa na miaka 60. "Cabin boy" alikuwa mtumishi wa melini, "bellboy" hubeba mizigo ya wageni hotelini, "ball boy" huokota mipira ya tenisi. Angalia mpangilio: linatangulia jina la kitu au mahali, na "boy" linafuata kama mkia unaosema kwamba huyu ni mtu wa kazi ndogo kwa ajili ya mkubwa fulani. Matumizi mengine nayapita haraka. Wanaume wa rika moja wanaotoka pamoja jioni ni "the boys", hata wakiwa na vitambi na wajukuu. Aliyesoma shule fulani hubaki "old boy" wa shule hiyo. "Oh boy!" ni mshangao tu, ndani yake hamna mtoto wala mtumishi. "Boyfriend" sidhani kuna mwanafunzi wa kitivo hiki anayehitaji nimfafanulie.

Neno linauma pale linapotumika kumwita mtu uso kwa uso. Katika Julius Caesar ya Shakespeare, Brutus anamwita Lucius "boy" mara kwa mara. Lucius ni mtoto, na ni mtumishi, kwa hiyo maana mbili zinakutana ndani ya mtu mmoja bila kugombana. Brutus anaweza hata kumhurumia mtoto huyo anaposinzia na chombo chake cha muziki mikononi. Lakini katika Coriolanus, mwishoni kabisa, Aufidius anamtupia neno hilo hilo jemadari wa Roma mbele ya watu. Coriolanus alikuwa amevumilia kuitwa msaliti kwa hasira ya kawaida. Neno "boy" ndilo linalomtoa akilini, analirudia mwenyewe kama asiyeamini masikio yake, na dakika chache baadaye ameuawa. Mwanajeshi huyo hakuwa mtoto wala mtumishi. Neno lilimvua utu uzima, na hilo lilitosha.

Marekani kusini, baada ya utumwa, ndivyo mtu mweusi alivyoitwa, kijana au mzee, na mzungu yeyote, hata mtoto. Mwaka 1968 wazoa taka wa Memphis walipogoma, walibeba mabango yaliyosema kwa maneno manne kwamba wao ni wanaume, ni watu wazima. Bango lile haliwezi kueleweka bila neno lililokuwa likijibiwa, ingawa lenyewe halikuandikwa popote juu yake.

Kuna kesi moja ambayo ningependa ifundishwe katika kozi ya pragmatiki. Wafanyakazi wawili weusi wa kiwanda cha kuku cha Tyson Foods katika jimbo la Alabama walishtaki kwamba walinyimwa vyeo kwa sababu ya rangi yao, na sehemu ya ushahidi wao ilikuwa kwamba msimamizi alikuwa akiwaita "boy". Mahakama ya rufani ikasema kwamba neno hilo likisimama peke yake, bila kivumishi cha rangi kando yake, si ushahidi wa ubaguzi. Mwaka 2006 Mahakama ya Juu ya Marekani iliwasahihisha: ni kweli kwamba neno hilo haliwi na ubaguzi kila mara, lakini si kweli kwamba bila kivumishi halina madhara kila mara. Maana yake, majaji walisema, inaweza kutegemea muktadha, kiimbo, sauti ya msemaji, desturi ya mahali na historia ya matumizi. Sisi hulipia muhula mzima kusikia hayo.

Desturi ya mahali na historia ya matumizi: hapo ndipo nataka kurudi kwetu.

Waingereza walikuwa wakiwaita watumishi wao "boy" huko Asia muda mrefu kabla ya kufika Katanga. Kamusi mashuhuri ya Kiingereza cha India, Hobson-Jobson, iliyochapishwa mwaka 1886, ina kidahizo cha "boy" chenye maana mbili. Ya kwanza ni mtumishi. Ya pili ni mbebaji wa machela, na watunzi wanaeleza kwamba hiyo ya pili haina uhusiano na mtoto wala na Kiingereza: imetokana na jina la watu wa kazi hiyo kusini mwa India, ambalo kwa Kitelugu ni "bōyi". Nilipolisoma nilikaa kimya. Mbebaji wa India na kambo wangu wa Katuba waliitwa karibu sawasawa, herufi kwa herufi, kwa njia mbili zisizojuana, na mzungu aliyewaita wote wawili hakuona haja ya kutofautisha.

Kifaransa kikalichukua neno hilo kwa ajili ya makoloni yake, na hapa kuna jambo ambalo wanafunzi hulipita bila kuliona. Kifaransa hakikuchukua neno zima. Tayari kilikuwa na "garçon" kwa mtoto, kwa hiyo kikachukua tawi moja tu: mtumishi wa kiume wa nyumbani, asiye mzungu. Mfaransa au Mbelgiji hawezi kusema kwamba mke wake amejifungua "un boy". Mtoto aliachwa kwenye gati.

Katika mji wetu njia zilikuwa mbili. Sote tunazungumza kana kwamba Elisabethville ilikuwa ya Kifaransa tangu siku ya kwanza, lakini reli iliyoufikia mji huu mwaka 1910 ilitoka kusini, kupitia Rhodesia. Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, ilikuwa na mtaji wa Wabelgiji pamoja na ule wa Tanganyika Concessions ya Robert Williams. Mashine zilitoka kusini, na wafanyakazi wengi pia: wazungu wa Afrika Kusini, na weusi kutoka Rhodesia ya Kaskazini na Nyasaland. Kiingereza, na ile lugha ya amri ya migodi ya kusini ambayo wazungu waliiita "Kitchen Kaffir", vilisikika sana katika mji huu miaka ya mwanzo. Johannes Fabian, aliyefundisha hapa Lubumbashi miaka ya 1970, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1986 juu ya lugha na utawala wa kikoloni kwamba kusambazwa kwa Kiswahili Katanga hakuwezi kutenganishwa na hofu ya Wabelgiji juu ya ushawishi huo wa Kiingereza. Basi "boy" lingeweza kuingia kwa mlango wa Rhodesia au kwa mlango wa Brussels. Nadhani liliingia kwa yote miwili na kukutana sebuleni kwa mzungu.

Likishaingia, likapewa nguo za hapa. Kiswahili hakipendi silabu inayofungwa, kikaongeza irabu: boyi. Pwani na Nairobi wakaandika "boi", na wakaunda "hausiboi" kwa Kiingereza chao. Kwa wingi wengine kwetu husema "maboyi", wengine "baboyi", kama tusemavyo "batoto" na "bantu". Jirani zetu wa Rwanda wana "umuboyi", wingi "ababoyi", yaani wamelipeleka moja kwa moja kwenye ngeli ya watu. Kifaransa cha Kongo kikazaa "boyesse" kwa mwanamke, neno ambalo Mwingereza akilisikia hawezi kulifahamu, maana kwake ni sawa na kusema "mvulana wa kike". Kwetu halina utata wowote. Hicho ndicho kipimo changu: neno linaloweza kupokea alama ya mwanamke bila mtu kucheka limekwisha kumsahau mvulana.

Umri pia umesahauliwa. Kusema "boyi muzee" kwa Kiswahili cha Lubumbashi si kuchekesha wala kupingana. Ni mzee ambaye kazi yake ni ya nyumbani. Hiyo ndiyo iliyokuwa sentensi ya kambo: boyi, na baba wa watoto sita. Kwa miaka mingi nilidhani alikuwa akilalamika kwamba wazungu walimfanya mtoto. Nilipomuuliza baadaye, miaka miwili kabla hajafariki, alinishangaa. Hapana, alisema, boyi ilikuwa kazi, kama vile machinisti ni kazi. Alijua kupiga pasi shati la kola ngumu, kupika supu ya kizungu, na kunyamaza wakati wa kunyamaza. Kilichomuudhi siku ile chini ya mwembe ni mimi. Alisikia namwita mdogo wangu mtumishi, tena kwa sauti, ili majirani wa Katuba wasikie.

Nimefikiri sana juu ya jibu hilo, na kwa maoni yangu lina isimu ndani yake kuliko kurasa nyingi tunazosoma. Msemaji wa Kiingereza alipomwita mtu mzima "boy", alisikia mtoto na mtumishi kwa pamoja, na tusi lilikuwa katika mchanganyiko huo. Aliyeitwa, katika mji huu, alisikia mtumishi tu. Nusu ya tusi ilipotea masikioni. Sisemi kwamba hakuumia. Aliumia kwa mshahara, kwa kufokewa, kwa kulazimika kuwa na kibali ili atembee usiku katika mji wa wazungu. Lakini neno lenyewe alilitwaa akaligeuza kuwa jina la kazi, na kazi mtu anaweza kuijua vizuri au vibaya.

Ushahidi mkubwa wa hayo tunao katika mji huu. Mwaka 1965, mwaka mmoja kabla Elisabethville haijaitwa rasmi Lubumbashi, André Yav alikusanya kijitabu kilichopigwa taipu, chenye jina la Kifaransa, Vocabulaire de ville de Elisabethville, na maandishi yaliyo kwa Kiswahili cha hapa. Kilitolewa kwa jina la waliokuwa watumishi wa nyumbani, na kinasimulia historia ya mji kama walivyoijua watu waliosimama nyuma ya kiti wakati wazungu wakila na kuongea. Fabian alikichapisha pamoja na tafsiri ya Kiingereza mwaka 1990, akisaidiwa na Kalundi Mango. Wengi wetu tumesikia habari zake kutoka kwa wageni kabla ya kuzisikia kwa walimu wetu, na hilo linanisikitisha kidogo. Ninachotaka msomaji akione ni jalada. Walipojitambulisha kwa maandishi, mbele ya umma, watu hao walichagua neno la Kifaransa "domestiques", si "boys". Kazi waliijua na hawakuificha, ila jina waliloliandika juu ya kitabu chao halikuwa lile waliloitiwa jikoni.

Kutoka kwa mtu, neno likahamia kwenye nyumba. "Boyeri", yaani "boyerie", ni kile kijumba cha nyuma ya nyumba kubwa alimolala mtumishi. Wabelgiji waliliunda kwa kiambishi kile kile kilichozaa "boulangerie", lakini pia "porcherie" na "bergerie", nyumba za nguruwe na za kondoo. Msomaji ataamua mwenyewe lipi lilikuwa karibu zaidi na fikra zao. Leo boyeri nyingi za mjini zinapangishwa, na wapangaji wengi ni wanafunzi. Mimi naandika haya nikiwa ndani ya moja. Mwenye nyumba huiita "anexe", na aliponionyesha mlango alirudia "anexe" mara tatu, kwa haraka, kama mtu anayefunika kitu. Bei ingekuwa chini kidogo kama angelitumia jina la kale.

Barabarani kuna "boy-chauffeur", msaidizi wa dereva wa lori: hufunga turubai, huweka jiwe nyuma ya gurudumu, hulala juu ya mizigo. Nimewajua wenye miaka kumi na tisa na wenye hamsini. Hapa pia mpangilio umegeuka. Kiingereza kingeweka "boy" mwisho. Kifaransa kimeliweka mwanzo, na kazi ikafuata.

Basi je, boyi ni neno safi? La hasha. Mke akichoka kuagizwa maji, soksi na chai na mume aliyeketi, atauliza: "Miye njo boyi yako?" Mwanafunzi akitumwa na mwenzake kununua mkate atauliza vivyo hivyo, na hata mwanamke husema "boyi", si "boyesse". Tusi limerudi, lakini kwa mlango mwingine. Anayeuliza hivyo hasemi kwamba amefanywa mtoto. Anasema amefanywa mtu asiyeweza kukataa kutumwa. Ni karibu na maana ile ya Kiingereza cha karne ya 13, ambayo hapa kwetu hakuna aliyewahi kuisoma.

Hatari inakuja maneno haya mawili yanapokutana siku moja, mahali pamoja. Mwaka jana nilikuwa Kasumbalesa, mpakani, nikimsaidia mama mkubwa wangu anayenunua unga upande wa Zambia. Dereva mmoja wa Zambia ambaye hufanya naye biashara alimsalimia, akamuuliza kwa Kiingereza "boy" wake yuko wapi leo. Mama mkubwa, ambaye Kiingereza chake ni cha sokoni, akageuka na kumwonyesha kwa kidole mwanaume aliyekuwa akisukuma pusi-pusi yetu, mtu wa miaka arobaini na kitu. Dereva akakunja uso. Alikuwa akimuulizia mtoto wa mama mkubwa, kijana wa miaka kumi na miwili aliyekuja naye mwezi uliotangulia, akaletewa mtu mzima. Yule wa pusi-pusi aliona kidole, akasikia neno. Alisimama. Hakuwa boyi wa mtu yeyote: alikuwa amekodishwa kwa safari moja, na pusi-pusi ilikuwa mali yake. Nililazimika kuomba msamaha kwa Kiswahili upande mmoja, kueleza kwa Kiingereza upande mwingine, na kumtuliza mama mkubwa aliyekuwa haoni kosa lake, maana kosa lake halikuwepo. Safari ya kurudi mwenye pusi-pusi alitutoza zaidi, tukalipa.

Kwa mtafsiri, basi, swali la kwanza si "boy" maana yake nini. Ni nani anayesema, kwa nani, na sikio la anayeambiwa limetoka wapi. Riwaya ya Ferdinand Oyono, Une vie de boy, ya mwaka 1956, ni somo zuri. Oyono aliandika kwa Kifaransa na kuweka neno la Kiingereza kwenye jina la kitabu. John Reed alipokitafsiri kwa Kiingereza mwaka 1966, neno hilo lilikuwa linarudi kwao, na halikuweza kurudi jinsi lilivyotoka: msomaji wa London angetazamia habari za utoto. Kikaitwa Houseboy. Ilibidi Kiingereza kiongeze nyumba ili kimpate tena mtumishi. Tafsiri ya Kiswahili iliyotolewa Nairobi haikuhitaji kuongeza chochote. Iliitwa Boi, na kila mtu akaelewa.

Mimi shida yangu ni Mine Boy ya Peter Abrahams, ya mwaka 1946, ambayo nimetafsiri kurasa chache kwa ajili ya kazi yangu ya mwisho. Xuma ni mwanaume mwenye nguvu anayefika Johannesburg kutafuta kazi, anaingia mgodini, anakuwa "boss boy", kiongozi wa kundi. Siwezi kumwita mvulana. Siwezi kumwita boyi pia: katika mji huu, wenye migodi ndani ya kumbukumbu yake, mtu wa mgodini hakuwa boyi hata siku moja, boyi alikuwa wa nyumbani, na mzee yeyote wa Kamalondo angenikatalia. Neno letu la kazi ile lipo na linajulikana: kapita. Nikaliandika.

Asistenti anayenisimamia alilizungushia mstari. Kapita, anasema, ni neno la heshima, mtu wa vazi safi na filimbi. Nikiliandika namfichia msomaji kwamba Xuma, hata akiwa kiongozi wa wenzake, bado anaitwa "boy" na mzungu. Ananishauri niache "bosi-boyi", kama lilivyo. Nami naona kwamba nikiacha "bosi-boyi" msomaji wa Lubumbashi ataona mpishi mkuu. Tumebishana mara tatu. Katika nakala iliyoko mezani pangu sasa, "kapita" bado limeandikwa kwa wino, na juu yake kuna "bosi-boyi" kwa penseli, kwa mwandiko wake, na alama ya kuuliza kwa mwandiko wangu.